Soma Matope Kabla ya Kufunga Madigadi

Fundi baiskeli hapewi barua ya kustaafu. Mimi magoti ndiyo yaliyoniandikia. Nilichuchumaa kukaza nati ya gurudumu la nyuma, na ilipofika wakati wa kuinuka ikabidi wateja wawili wanivute, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, mmoja wao akiniuliza kama na mimi nahitaji grisi. Nikajua muda umefika. Sasa ninyi vijana mliobaki kijiweni mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi ya madigadi, mkisema hakuna mwingine aliyeifanya kwa muda mrefu namna hii. Nahisi mliniomba ili niwe na shughuli nyumbani, nisije kukaa hapo kila siku kuwasimamia. Sawa tu. Naandika nikiwa Unyambwa, kwenye kiti chenye mto, na chai iko pembeni.

Madigadi watu huyaona kuwa pambo. Mabati mawili yaliyopinda juu ya magurudumu, rangi nyeusi, labda mstari mwekundu, na nyuma kipande cha mpira kinachoning'inia, ambacho sisi tunakiita ulimi. Mtu akipungukiwa huuza kwanza madigadi, kisha kengele. Mvua ikinyesha anarudi nyumbani na mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni, ndipo anakumbuka kazi yake. Nimewavalisha madigadi walimu, wauza kuku, makatekista, na bwana harusi mmoja aliyetaka yapigwe nyota za bati pande zote. Zile nyota zilimchana gauni bibi harusi kabla hawajafika kanisani. Tangu hapo pambo lolote nililiweka upande wa nje tu, na kingo zake nikazikunja.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa. Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapa Singida mjini, babu yake mtu wa pwani na bibi yake mtu wa Tabora. Ndugu zake waliuza vitambaa dukani karibu na soko. Yeye alikaa barazani mwa duka hilo hilo na nyundo, koleo, mkasi wa bati na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Kipande hicho kilitoka Manyoni, na hadithi ya jinsi alivyokipata ilibadilika kila mwaka. Ndugu zake walimwonea huruma kwa kuchafuka mikono. Yeye aliwaonea huruma wao kwa kukunja kutwa nzima vitambaa ambavyo mteja anayefuata atavikunjua tena.

Siku ya kwanza nilikwenda na shati safi, nikidhani nitapewa spana. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kijiti. Palikuwa na baiskeli tano zimeegemezwa ukutani. Akaniambia nichokonoe chini ya madigadi ya kila moja, niweke tope lake kwenye kigae, kisha nimwambie ile baiskeli inatoka wapi. Nilidhani ananitania, kama wakubwa wanavyomtuma mgeni akaazime kitu kisichokuwepo. Hakuwa anatania. Nilipopeleka ndoo ya maji ili nizioshe kwanza, aliimwaga uani.

"Ukiosha utasoma nini?" akaniuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mchanga wa mjini haushiki, unadondoka wenyewe ukigusa bati. Udongo wa kwetu Unyambwa una changarawe, unakwaruza rangi. Wanaoishi kando ya ziwa bati lao hutoka vipele vya kutu, kwa sababu ya magadi, na hao unawapaka rangi mara mbili hata kama hawataki kusubiri ikauke. Na upo udongo mweusi wa mbugani. Huo wakati wa kiangazi ni mgumu na umepasuka. Ukilowa unanata kama ugali mbichi, unajisokota kwenye tairi, unapanda nalo, na pale juu chini ya bati unajipakia tabaka kwa tabaka mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Wa mbugani, alisema Mzee Salehe, unamwachia nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na bati. Wa mjini kidole kimoja kinamtosha, na anapendeza zaidi. Hivyo kabla hujashika nyundo lazima ujue mtu anapita wapi, na matope hayana sababu ya kukudanganya.

Alikuwa na sheria nyingine. Madigadi yote aliyafunga kwa nati na boliti. Nati, mwenye baiskeli anaweza kuifungua mwenyewe njiani akiwa na spana ndogo, na akikosa spana hata kwa koleo la kuazima. Ribiti ukishaigonga imekuwa kichwa kimoja na bati, haitoki mpaka ikatwe kwa tindo. Ribiti alizitumia kwenye ndoo na masanduku tu.

Mwaka wa tatu nilikuwa nimeiva, au nilijiona nimeiva. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake. Nilikunja ukingo wa bati bila kuacha alama ya nyundo, na watu walianza kumpita Mzee Salehe na kuja moja kwa moja kwangu, naye akijifanya haoni. Nikaanza kutumia ribiti. Zilipendeza mno. Kichwa kidogo cha mviringo, laini, hakuna boliti iliyochomoza kumchana mtu suruali. Mzee Salehe aliziangalia, akasema, "Hizo ni za ndoo, Hamisi," nami nikamjibu kwamba zama zimebadilika. Nililitamka neno hilo, zama, nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Mwezi wa kumi alikuja Elieza, mkulima kutoka Ihanja, mrefu, mpole, amenizidi miaka kama mitano. Baiskeli yake ilikuwa imara ila madigadi yalikuwa yamekwisha kabisa. Akataka mapya, mazuri, kwa sababu mkewe ni mjamzito na ataanza kumpakia kwenye keria kwenda kliniki, hataki arukiwe na matope. Baiskeli ilikuwa inang'aa. Spoki zinang'aa, chini ya kiti panang'aa. Niliinama kwa mazoea kuangalia chini ya bati la zamani, na hapakuwa na hata punje. Hapo ndipo ilipobaki kazi ndogo ya kufungua mdomo na kumwuliza anapita wapi. Sikumwuliza. Nilijiambia Ihanja iko barabarani, na mtu msafi namna hii bila shaka anapita barabara kuu. Nikamfungia ya kidole kimoja, kwa ribiti. Yalikuwa madigadi mazuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na alipoondoka nilisimama barazani nikiyatazama mpaka yakapotea sokoni.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, akaja mfanyabiashara wa kuku kutoka Ihanja kubadilisha spoki. Alipokuwa anasubiri akatusimulia kisa, akicheka. Kuna mtu kule kwao, nyumba yake iko ndani, ng'ambo ya mbuga, amekuja mjini akafungiwa madigadi na fundi mmoja hodari kweli. Juzi mkewe kashikwa na uchungu, kampakia kwenye keria ili awahi barabarani apate gari la hospitali. Katikati ya mbuga gurudumu likagoma. Kachokonoa kwa kijiti, kapiga teke, kavuta bati kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu. Halifunguki, limegongwa ribiti. Kaiacha baiskeli pale pale, kambeba mke mgongoni. Hawakufika barabarani. Mtoto alizaliwa kwenye shamba la mtama, mvua inanyesha.

Nikamwuliza mtoto yuko hai?

"Hilo sijui," akasema. "Mimi nilipita kesho yake, nikaiona baiskeli tu, imelala."

Alilipa akaondoka. Mzee Salehe hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga tupa ukingo wa bati, akaniuliza ribiti zile zilikuwa za nani. Nikasema zangu. Nilitegemea anitukane, na ingekuwa nafuu. Akaniambia nilete baiskeli yangu, niitengenezee madigadi sawasawa na ya yule mtu, nafasi ile ile, ribiti zile zile. Nilifanya kazi hiyo mbele yake. Nilipomaliza alinifungia mkoba: tindo, nyundo, spana, boliti nane na nati zake.

"Kesho utakwenda kumwona," akasema. "Mkoba huu usiufungue mpaka umefika mlangoni kwake."

Niliondoka alfajiri. Barabara kuu ilikuwa nzuri, madigadi hayakunirushia hata tone, na kwa dakika chache nilijisifu tena, Mungu anisamehe. Ihanja niliulizia, nikaelekezwa njia ya kushoto. Mbuga ilianza taratibu. Kwanza gurudumu la mbele lilianza kuguna, kisha la nyuma likawa zito, kisha nikawa nimesimama na baiskeli imesimama, wima, bila mtu kuishika, imeshikwa na udongo. Nilifanya yote aliyoyafanya Elieza. Kijiti, teke, vidole. Tindo lilikuwa mgongoni kwangu, na pale mbugani palikuwa na mimi na ndege tu, hakuna ambaye angejua. Ila Mzee Salehe angeinamisha kichwa chake chini ya bati langu na kusoma kila kitu. Nikavua kofia, nikaibeba baiskeli begani.

Njia ile sitaisahau. Kila hatua kiatu kilibaki nyuma, mwishoni nikavifunga vyote viwili kwenye usukani nikaenda peku. Nilikuwa nahesabu mashamba ya mtama na kwenye kila moja najiuliza kama ni hili. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kufika kuliko kutofika. Nilishatunga maneno ya kusema kama mtoto amekufa, na maneno ya kusema kama mama amekufa, na yote yalikuwa ya kijinga.

Elieza alikuwa uani, anachonga mpini. Aliniona kwa mbali, tope hadi usoni, baiskeli begani, akaacha kuchonga. Nilibisha hodi. Hakuitikia. Ndipo ndani ya nyumba mtoto mchanga akalia, kilio chenye nguvu, cha mtoto mwenye njaa na hasira zake. Nilitua baiskeli nikalia na mimi. Sikujificha, nililia kama nilivyokuwa nimesimama.

"Umeibeba kutoka wapi?" Elieza akaniuliza.

Nikamwambia tangu katikati ya mbuga.

"Wewe umebeba baiskeli," akasema. "Mimi nilimbeba mke wangu."

Mkewe alitoka, mdogo wa umbo, mtoto kifuani. Alinitazama, akaitazama baiskeli yangu iliyojaa udongo, akaanza kucheka, akamwambia mumewe jambo kwa Kinyaturu, kwamba huyu ameshatandikwa na mbuga, wewe utaongeza nini. Akaniambia mtoto ni wa kike, anaitwa Neema, hana neno lolote. Akaniletea maji ya kunawa, kisha ugali wa mtama na mlenda. Nilikula kwa sababu aliniamuru.

Halafu nikafungua mkoba. Baiskeli ya Elieza ilikuwa nyuma ya nyumba na tope lake limekauka juu yake. Nilikata zile ribiti moja moja kwa tindo, yeye akinishikia gurudumu. Nilipokuwa napanua bati kwa ajili ya vidole viwili ndipo alipozungumza. Alisema jambo moja linamsumbua, kwamba labda kosa ni lake. Siku ile ya mwezi wa kumi aliamka mapema akaiosha baiskeli kwa saa nzima, akatumia hadi mswaki kwenye spoki, kwa sababu alikuwa anakwenda mjini kwa fundi mwenye jina, na haikuwa heshima kumpelekea mtu matope.

Nikamwambia kosa si lake. Alikuja na heshima yake, mimi nikakosa hata swali moja la kumpa.

"Basi sitaiosha tena nikija kwako," akasema. "Nitakuletea matope uyasome mwenyewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema kama mtu anayenunua kufuli baada ya kuibiwa.

Nilirudi mjini siku ya pili, na baiskeli yangu pia nimeikata ribiti na kuifungia madigadi ya vidole viwili kwa nati. Mzee Salehe alichungulia chini ya bati langu, akachungulia na bega langu lililochubuka, akaniagizia chai. Jambo lile hakulitaja tena hata siku moja, isipokuwa ribiti zangu zote alizimimina kwenye kopo akampa fundi ndoo wa jirani. Alifariki miaka kumi na moja baadaye, akaniachia kipande cha reli na kibao chake. Ndicho mnachokikalia.

Elieza alitimiza neno lake. Mara moja au mbili kila mwaka alikuja, na kila alipokuja baiskeli ilikuwa na tope la mbuga mpaka kwenye kengele. Watu wazima waliovaa kanzu walimpisha njia sokoni. Aliiegemeza ukutani, akanisalimia vizuri, akaketi, akasema neno moja, "Soma." Nami nilichukua kijiti nikachokonoa mbele yake, kila mara, kama mwanafunzi. Mwaka mmoja mvua zilikataa kabisa, mbuga ikawa vumbi, nikadhani safari hiyo nimepona. Alikuja na baiskeli kavu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa bonge la udongo mweusi lililofungwa kwenye gazeti, akaliweka juu ya fuawe yangu. Mafundi wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, ila nilikuwa najua anachosema. Tulikuwa tumeshakuwa marafiki, Neema alishaanza shule, mkewe alinitumia kuku kila Krismasi ingawa mimi ni Mwislamu na yeye anajua. Lakini imani ile ya kumwachia mtu baiskeli safi, alikuwa hajanirudishia.

Kazi iliendelea na mambo yakabadilika. Baiskeli za mtumba zilipoanza kuja, zenye magiya na matairi mapana, zilikuja bila madigadi kabisa, maana huko zilikotoka nadhani matope hayaruki. Bati la kawaida halikuzitosha. Ndipo tulipoanza kukata madumu ya plastiki ya lita ishirini. Yale ya njano ndiyo mazuri, ya bluu yanapasuka. Unakata ubavu wa dumu kwa urefu, unaloweka kwenye maji ya moto, unalikunja juu ya rimu kuukuu na kulifunga kamba mpaka lipoe. Pale linapokutana na chuma weka mpira wa tyubu, la sivyo litapiga kelele njia nzima na mteja atakutaja kwa jina kila anaporuka shimo. Haya mnayajua, nimeyaandika kwa sababu nimeyabuni mimi na sitaki mtu mwingine asifiwe.

Bodaboda zilipoingia mlisema baiskeli imekufa. Mimi sikuona maiti. Kuku bado wanatoka Ihanja kwa baiskeli, alizeti bado inatoka mashambani kwa baiskeli, na tope la mbuga halijui kama kilicholigusa ni pikipiki.

Siku yangu ya mwisho mlipika pilau, mkanipa kanzu. Nawashukuru, inanibana kidogo mabegani lakini nawashukuru. Mnakumbuka saa nne asubuhi mvua ilipoacha, Mzee Elieza akaingia anasukuma baiskeli yake. Mliinuka kumwamkia, mkaendelea na sufuria, kwa hiyo sidhani kama mliona. Ninyi kwenu alikuwa mteja mzee tu.

Tulikuwa mwezi wa tatu, mbuga imelowa tepetepe. Nilichukua kijiti kama kawaida, nikashika kibao nikainama polepole, magoti yakilalamika, nikachungulia chini ya madigadi ya nyuma. Hapakuwa na kitu. Bati lilikuwa safi. Nikachungulia ya mbele, safi. Spoki zilikuwa zinang'aa moja moja, kengele inang'aa, na suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Baadaye aliniambia alisimama kwenye bomba la maji huku huku kwetu Unyambwa, akaiosha saa nzima, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya ndoo wakamsema.

Nilibaki nimeinama. Niliogopa kuinuka kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

"Ya nyuma yanagonga," akasema, akaketi kwenye kibao cha Mzee Salehe. "Tengeneza, fundi. Mimi ninakopita unakujua."

Nikatupa kijiti. Nikalegeza nati, nikalivuta bati juu, nikapitisha vidole vyangu viwili kati yake na tairi, kuanzia mbele mpaka nyuma kwenye ulimi. Vilipita. Nikakaza.